Bahari Niliyoikata kwa Wembe

Kadutu, Jumapili baada ya misa

Nsimire mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya viatu na ya kumwamkia kila mtu mzima utakayemkuta njiani sitayaandika hapa. Nyakulu wako amekwisha kukuambia mara tatu tangu tutoke kanisani, na kwa kuwa ni mama yangu mzazi namjua: atarudia mara ya nne kesho asubuhi, mguu wako mmoja ukiwa tayari juu ya kamio, lori litakalokuchukua. Sasa amekukalisha mkekani uani, anakusuka nywele za safari. Mimi niko ndani, kwenye meza ya dirishani, daftari langu la kolezi liko wazi mbele yangu. Mnadhani nafanya zoezi la Kilatini.

Kesho unakwenda Mwenga kwa mama yako. Wote hapa nyumbani wanajua kwa nini unakwenda, na wanachokijua si kweli. Kweli tunaijua wewe na mimi tu. Wiki tano tumekula chungu kimoja bila kuitaja, na ukinipa chumvi unaangalia pembeni. Ndiyo maana nakuandikia. Unanijua mimi ni mtu wa namna gani. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, jibu linakuja lote kichwani, halafu linakwama kooni mpaka mwingine anyanyue mkono. Kwenye karatasi halikwami.

Nimeandika "mwanangu", na mtu asiyetujua angecheka, kwa sababu nina miaka kumi na saba na wewe una kumi na mmoja. Lakini kwetu ndugu wa baba ni baba. Kaka yangu Bahati, aliyekuzaa, alipokufa, ulikuwa na miaka mitano. Siku ya kumaliza matanga Babu yako alikushika mkono, akauweka ndani ya mkono wangu mbele ya watu wote, akasema, "Mutoto huyu iko na papa. Papa yake ni huyu." Watu walinitazama. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwenye kaptula iliyoshonwa kiraka nyuma. Mama yako alipaswa kurudi kwao Mwenga, na wewe ukabaki kwetu, kama watoto wa mwanamume wanavyobaki kwa ukoo wa baba.

Sijui kama unakumbuka mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa nakubeba mgongoni kwenda soko la Kadutu kununua majani ya mihogo, na wale mama wauza sombe walikuwa wakitungojea kama watu wanaongojea ngoma.

"Muangalie papa na mutoto yake! Bote makamasi inatoka!"

"Papa Kaptula, mutoto analia! Umunyonyeshe basi!"

Ulikuwa unaficha uso wako mgongoni mwangu. Mimi sikuwa na mgongo wa kujifichia, nikawa naangalia chini. Mpaka leo nikiona haya naangalia chini. Lakini nakwambia kitu ambacho sikukwambia siku zile: wakati wa kupanda tena ile njia ya mteremko, ukiwa umelala, kichwa chako kikinigonga begani kila hatua, nilikuwa najivunia. Nilikuwa napunguza mwendo ili tusifike haraka.

Unajua kaka yangu alikufaje, lakini sijawahi kukusimulia sawasawa. Alikuwa akifanya kazi ya barabara kwenye miteremko ya kwenda Kamanyola. Siku moja adhuhuri dunia ilitikisika. Hapa Kadutu haikuwa kitu: vikombe viligongana kabatini, mbuzi wa jirani wakakata kamba, watu wakatoka nje wakachekana kwa woga waliokuwa nao. Kule juu ya barabara mawe yalitelemka. Walituletea habari jioni.

Siku chache baadaye uliuliza, mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa uani: "Dunia ilimukasirikia papa juu ya nini?"

Nyakulu alisema ni mapenzi ya Mungu, akaingia jikoni. Babu aliinuka, akaenda kwenye karakana yake ya useremala, tukasikia randa. Hakuna aliyekujibu. Nikafikiri: mimi ndiye baba yake, swali hili ni langu. Watu wanadhani nimependa vitabu kwa sababu nina akili. Nilivipenda kwa sababu ulikuwa umeniuliza swali na sikuwa na jibu.

Jibu nilianza kulipata miaka minne baadaye, nilipoingia kolezi, sekondari ya mapadri, kwa Padri Anselme anayetufundisha jiografia. Yule mzee mwenye ndevu zenye vumbi la chaki, uliyemwona siku ya sikukuu ya shule ukaniuliza kama analala na ubao. Alitufundisha kwamba bonde letu, kutoka kwenye volkano za kaskazini mpaka Tanganyika na mbele zaidi, ni ufa. Nchi ilivutwa huku na huku, katikati pakadidimia. Akatufundisha kwamba zamani maji ya upande huu yalikwenda kaskazini. Volkano zikaota, zikaifunga njia, maji yakapanda na kupanda ndani ya mabonde mpaka yakawa ziwa, na ziwa likapanda mpaka likapata mdomo hapa kusini, yakamwagika. Huo ndio mto Ruzizi. Siku ile nilitoka shuleni mbio, nikafika nyumbani nikitokwa jasho, nikakusimulia ukiwa unakoroga uji. Uji ukaungua. Nyakulu alitukemea wote wawili.

Wakati wa likizo nikakupeleka Mumosho uone mwenyewe. Tulitembea tangu asubuhi na muhindi wa kuchoma mmoja mfukoni. Tukakaa juu ya jiwe, Ruzizi inapiga kelele chini yetu. Ulitupa gunzi majini, likazunguka, likaenda.

"Zamani maji haya yalikwenda upande ule mwingine," nikakwambia.

Ukafikiri. "Alisahau njia ya kwao?"

"Hapana. Njia ilifungwa."

"Njo akatafuta ingine," ukasema, ukajilamba vidole. Mimi nilikuwa nimehitaji kurasa sita kulielewa jambo hilo.

Mwaka uliofuata ndipo Babu alipotengeneza mabenchi ya kanisa dogo la Kamanyola, tukapanda juu ya kamio pamoja nayo. Kabla ya kuanza kushuka, dereva, aliyekuwa akiimba njia nzima, aliacha kuimba. Tulipofika pale, Babu alivua kofia. Hakusema ni pale mawe yalipotelemka, lakini tulijua. Uliushika mkono wangu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mkono wako umekua.

Chini kwenye tambarare, joto limetupiga, ulisimama ukatazama ukuta wa milima tuliyotoka, kisha ukageuka ukatazama ule mwingine ng'ambo ya mto, upande wa Urundi. Nikakwambia nchi bado inavutwa, polepole mno, hakuna aliyewahi kupima.

"Siku itapasuka kabisa, sisi tutabakia upande gani?"

"Wa magharibi. Upande wa Mwenga."

"Na maman?"

"Upande wetu."

Ulipumua. Nikaona huo ndio wakati, nikakupa lile jibu nililolitafuta tangu matanga. Nikakwambia dunia haikumkasirikia baba yako. Haimkasirikii mtu. Haijui hata kwamba tupo juu yake. Inasogea tu, na inaposogea mawe yanaanguka, na yeye alikuwa pale.

Ulimtazama Babu mpaka alipomaliza kushusha mabenchi. Halafu ukasema, "Afazali ingekasirika."

"Juu ya nini?"

"Mutu mwenye kukasirika, unaweza kumuomba pardon."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo. Sijapata cha kuliongezea neno hilo.

Sasa nafika penye kosa langu, na naona nimezunguka sana kabla ya kufika. Nivumilie.

Mwaka huu Padri Anselme aliingia darasani na gazeti la wataalamu kutoka Ulaya. Akatusomea kwamba meli zimekuwa zikipima kina cha bahari kuu iliyo kati yetu na Amerika, na zimekuta chini yake safu ya milima, na katikati ya milima hiyo ufa mrefu, kama bonde letu. Akaliweka gazeti mezani. Akatuambia kwamba wakati wa ujana wake mtaalamu mmoja Mjerumani alisema mabara yote yalikuwa nchi moja, kisha yakaachana. Alionyesha mawe ya namna moja huku na kule, na mifupa ya mjusi mmoja mdogo wa maji baridi, iliyogeuka mawe, huku Afrika na kule Brazili, mjusi ambaye hakuweza kuogelea bahari nzima. Wataalamu wenzake walimcheka, kwa sababu hakuweza kusema ni nguvu gani inayoweza kusukuma bara.

"Na mimi nilicheka," Padri akasema. "Sasa sicheki sana."

Kisha akatuambia neno ambalo ndilo lililonifunga baadaye. Alisema: mkitaka kuona kama nchi hizi zinaingiana, msifuate pwani. Pwani inaliwa na maji, inapanda, inashuka. Ukingo wa kweli uko chini ya maji, pale kwenye ramani bluu nyepesi inapokwisha na bluu nzito inapoanza.

Wiki tatu nilijikaza nimwombe atlasi kubwa ya maktaba. Ile haikuwahi kutoka nje ya kolezi. Nilipomwomba, sauti ilitoka kama ya mgonjwa, nikadhani hakusikia. Aliifunga ndani ya gazeti, akanipa. "Kwa Jumapili moja. Kwa sababu ni wewe."

Unaikumbuka Jumapili ile. Ulikuwa kizingitini unachambua maharage, mimi nimepiga magoti na atlasi juu ya kiti.

"Angalia huu mgongo wa Brazili. Sasa angalia hapa, tumbo la Afrika. Unaona?"

"Naona bahari."

"Itoe bahari kichwani."

"Nitaitoa namna gani, Papa mudogo? Iko hapa!"

Nikalaza karatasi ya kufungia sukari juu ya ramani ili niufuate mstari. Ilikuwa nzito, mstari haukuonekana. Nikajaribu kukunja ukurasa, Afrika ikapinda. Wewe ukaanza kucheka, ukasema labda yule Mjerumani alikuwa na macho ya mbuzi. Na wembe wa Nyakulu wa kukatia kucha ulikuwa pale dirishani. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu sauti ya karatasi nzuri ikikatwa, na wewe ukisema taratibu, "Uko nafanya nini?"

"Natoa bahari."

Nilikata pale bluu nyepesi inapokwisha, upande huu na upande ule, kama nilivyofundishwa. Bahari ikanyanyuka kama ngozi ya ndizi. Nikazisogeza nchi mbili juu ya kiti mpaka zikagusana.

Uliacha kucheka. Ulipitisha kidole juu ya mahali zilipokutana, kutoka juu mpaka chini, ukarudia tena. "Zilikuwa moja," ukasema. Hukuwa unauliza.

"Na batu walikuwa wanapita na miguu tu?"

"Watu walikuwa hawajakuwako bado."

"Basi njia yote ile ilikuwa ya bure!"

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Mwanangu, katika miaka sita ya kuwa baba yako sikuwahi kuwa na saa nzuri kuliko ile. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kilichofuata kimeichafua, na haikustahili kuchafuliwa. Kisha ukaitazama ile bahari ya karatasi iliyoanguka katikati ya maharage, ukauliza, "Sasa tutairudisha namna gani?"

Tuliirudisha kwa gundi ya unga wa muhogo. Asubuhi ukurasa ulikuwa umejikunja kama jani la tumbaku.

Padri Anselme aliufungua maktabani, wanafunzi wawili wakipanga vitabu nyuma yetu. "Nani alikata?"

Na hapo, mimi ambaye maneno yangu yote yanakwama, nilijibu upesi kuliko nilivyowahi kujibu maishani. "Mtoto wangu, Padri."

Wale wawili wakacheka kusikia kwamba nina mtoto. Yeye hakucheka. Nilimweleza kuhusu Bahati na desturi yetu. Alipitisha ukucha wake juu ya alama ya wembe.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ana akili sana. Hakufuata pwani. Amekata pale bluu nyepesi inapokwisha. Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Ah."

Kisha akangoja. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Akangoja tena. Alikuwa amekwisha kujua, na alikuwa ananipa nafasi, na nafasi ile ilikuwa ndefu, mtu mwingine angeweza kusema mambo kumi ndani yake. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mwishowe akachukua karatasi, akaandika barua kwa Babu yako.

Sehemu inayofuata ina jambo usilolijua hata wewe. Babu hajui kusoma, na barua ilikuwa ya Kifaransa. Aliniita uani, akanipa niisome kwa Kiswahili mbele ya nyumba nzima. Nilisoma kwamba kitabu cha shule kimekatwa. Nilisoma kwamba mwanafunzi anasema ni mtoto wa nyumbani. Baada ya hapo kulikuwa na sentensi moja ya mwisho: "Namwomba baba wa familia aulize nyumba yote, kwa sababu sina hakika kwamba nimeambiwa ukweli." Hiyo sikuisoma. Nilikunja karatasi.

Babu akakugeukia. "Nsimire. Ni weye?"

Ulinitazama. Ulinitazama muda mrefu, kwa macho ya baba yako. Mimi nikaangalia chini.

"Ni miye, Babu."

"Ulikata na nini?"

"Wembe ya Nyakulu."

Ningependa angekupiga. Hakukupiga. Asubuhi alikwenda kwenye shule ya wasichana ya Masista, akalitoa jina lako, wewe ambaye ulikuwa uanze kwao masomo yakifunguliwa. Alirudi akasema, "Mutoto mwenye kukata kitabu ya Bapadri, sitamupeleka akate ya Bamasista. Tumemulea kama kijana. Aende kwa maman yake ajifunze shamba." Akatuma neno Mwenga kwa dereva wa kamio. Mama yako alijibu kwamba anakungojea hata kesho. Amekungojea miaka sita.

Mara moja tu nilipata ujasiri wa kukuuliza kwa nini ulikubali. Tulikuwa bombani, ndoo yako inajaa. Ulisema bila kugeuka, "Weye wakikufukuza, nani atanifundisha?" Ukajitwika maji, ukapanda kilima. Sasa unakwenda mahali ambapo sitakufundisha, na mimi nabaki shuleni.

Nilikuwa nimeanza kuandika hapa maneno mazuri: kwamba nchi mbili zikiachana, kingo zao bado zinajuana, na kwamba wewe na mimi ni hivyo. Nimeyafuta. Mabara hayakudanganya. Hayakuachana kwa kosa la mtu, na wewe huondoki kwa sababu dunia inasogea. Unaondoka kwa sababu niliogopa. Nikiliita jambo hilo kwa jina la jiografia nitakuwa nimekukosea mara ya pili.

Nilichojifunza ni kidogo, nakupa hicho. Nilidhani uongo ni mzigo ambao mtu anahangaika kuubeba. Haukuwa hivyo. Ulikuwa mwepesi, ulitoka wenyewe, na kila siku niliyonyamaza ulizidi kuwa mwepesi, mpaka juzi nikajikuta nafikiri kwamba kwenda Mwenga kutakufaa, hewa ni nzuri, mama yako yuko. Hapo ndipo niliposhtuka. Ukijiona siku moja unatafuta faida ya jambo baya ulilomfanyia mtu, simama hapo hapo.

Nasimama na mimi. Nasikia Babu yuko karakanani. Nakwenda.

*

Nimerudi.

Wewe mwenyewe unajua Babu hagusi chombo chochote siku ya Bwana. Leo nimemkuta anapiga randa. Alikuwa anatengeneza sanduku lako, kubwa, la mbao nzuri, la kutoshea kila kitu ulicho nacho.

"Nipe ule musumari," akasema bila kuniangalia. Nikampa.

"Papa, karte ya Bapadri, Nsimire hakuikata."

Randa ilikwenda mpaka mwisho wa ubao, ikarudi.

"Ilikatwa na nani?"

"Ni miye."

"Na barua ya Padri?"

"Nilisoma nusu. Ku mwisho alikuwa anasema uulize nyumba yote, juu hakuamini. Ile sikusoma."

Aliweka randa chini. Alipuliza takataka za mbao, akazifagia kwa kiganja, akazikusanya pembeni, kama mtu mwenye muda.

"Siyue kusoma," akasema. "Sikuwahi kuona haya. Nilikuwa nasema, niko na mutoto, ni yeye macho yangu." Akanigeukia. "Macho inadanganya mutu, Cosmas?"

Niliangalia chini.

"Siku ile nilimuuliza mbele yako. Ni yeye alikuwa papa. Weye ulikuwa mutoto."

Nililia, mwanangu. Hakunikataza wala hakunigusa. Nilipomaliza akasema kesho utakwenda, kwa sababu hatuwezi kumwambia mama mtoto anakuja halafu asimwone. Lakini utakwenda kusalimia tu. Dereva atampelekea mama yako neno hilo, na kama akikubali, masomo yakikaribia utarudi. "Kwa Bamasista nitaenda mwenyewe, na kofia mukononi. Ni miye nilitoa jina, ni miye nitaomba." Kama mama yako hatakubali, sijui. Hata Babu hajui.

"Na weye, kesho uko naenda kwa Padri. Peke yako. Wakikufukuza, randa ya pili iko pale." Akanionyesha ukutani.

"Ndiyo, Papa."

Akachukua penseli sikioni, akapima sanduku, akapiga mstari karibu na katikati. "Hii iko ya mutu mwenye kuhama," akasema, akachukua msumeno, akaanza kulipunguza.

Nilikuwa mlangoni aliponiita. "Mutoto alishajua umesema?"

"Niko namuandikia barua."

Alisimamisha msumeno. "Barua? Barua iko ya mutu wa mbali. Ule iko pale ku mukeka, hatua kumi. Sauti yake inanifikia mupaka hapa."

Nimerudi mezani kumaliza mistari hii tu. Amesema kweli. Nimekaa nyuma ya dirisha tangu mchana namwandikia mtu ambaye ningeweza kumwita kwa jina. Hii nitakupa kesho kamio likianza kutembea, uisome kule Mwenga, nitakapokuwa mbali kweli. Leo nitakuja mbele yako na mbele ya Nyakulu, na nitasema kwa mdomo: ni mimi niliyekata, ni mimi niliyesema ni wewe, ni mimi niliyeiruka sentensi. Sitaangalia chini. Maneno yakikwama, usinisaidie. Niache nihangaike nayo mpaka yatoke. Na usiseme haraka kwamba yamekwisha. Ukitaka kunyamaza leo yote, nyamaza. Ukitaka kunifokea, Nyakulu hatakuzuia, nitamwomba asikuzuie.

Msumeno umenyamaza kule karakanani. Nadhani Babu anasikiliza kama nimetoka.

Ni hatua kumi. Natoka.

Baba yako,
Cosmas